GARI LINA SPEA, MWILI HAUNA: Somo la kufufua pikapu kuukuu ya dizeli

Leo tunaingia gereji.

Pita Tandika, Keko, Mwananyamala au Tandale, hutakosa kuiona: pikapu kuukuu ya dizeli chini ya mwembe, boneti liko wazi, miguu ya fundi imechomoza uvunguni. Mwenye gari ana ndoto yake. Anataka shule zikifungwa apakie familia, hema, magodoro na sufuria, waende kupiga kambi. Labda ufukweni Kigamboni. Labda Mikumi, kama kilometa 280 kutoka Dar es Salaam, wakaone tembo, halafu wapitilize kijijini kumsalimia bibi.

Ndoto hiyo ni nzuri. Lakini nani anashika spana? Mara nyingi ni wewe: mtoto wa mwenye gari, deiwaka wa gereji bubu, au mwanafunzi wa ufundi anayetafuta uzoefu. Nozeli ikifa, utapata nyingine Gerezani, Kariakoo. Je, mapafu yakifa? Jicho likipofuka? Hakuna duka linalouza.

Baada ya somo hili utaweza:
1. Kusoma moshi wa injini ya dizeli na kujua unasema nini.
2. Kufanya kazi za kawaida za gereji bila kuumia.
3. Kuandaa gari na kambi ili familia nzima irudi salama.

IJUE PIKAPU YAKO

Pikapu nyingi kuukuu za mtaani ni Toyota Hilux zenye injini ya 2L au 3L. Injini ya 2L ina ukubwa wa sentimeta za ujazo kama 2,400, na ya 3L kama 2,800. Ni injini ngumu, hazina mambo mengi ya umeme, na fundi wa uswahilini anazijua kama kiganja chake. Ndiyo maana watu wanazipenda.

Dizeli haihitaji plagi ya cheche kama petroli. Hewa inabanwa kwenye silinda hadi inakuwa ya moto sana, kisha nozeli inapuliza dizeli, nayo inawaka yenyewe. Asubuhi injini ikiwa baridi, hita plagi zinaipasha moto kwanza.

Kabla hujafungua nati hata moja, washa gari uangalie moshi:

- Moshi mweusi: dizeli ni nyingi, hewa ni kidogo. Angalia kichujio cha hewa, nozeli na pampu.
- Moshi wa bluu: injini inakula oili. Ringi au sili za valvu zimechoka.
- Moshi mweupe usioisha: dizeli haiungui vizuri, au maji yanaingia kwenye silinda. Angalia hita plagi, kompresheni na gasketi ya silinda hedi.

Usisahau mkanda wa taimingi. Kwenye injini hizi hubadilishwa kila kilometa 100,000. Kama hujui mara ya mwisho ulibadilishwa lini, badilisha sasa. Ukikatika njiani, valvu zinagongana na pistoni, na safari ya familia inaishia porini.

Haya, moshi umeusoma. Lakini na wenyewe umekusoma! Juni mwaka 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani ya mapafu kwa binadamu. Haukuui siku hiyo hiyo. Unakusanya deni kidogo kidogo. Kwa hiyo usijaribu injini ndani ya banda lililofungwa. Sukuma gari nje, elekeza bomba la moshi kule upepo unakoelekea, na usisimame nyuma ukipiga soga.

KABLA HUJAINGIA UVUNGUNI

Hapa watu wanakufa, kijana. Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia. Sili ya jeki ikipasuka, gari linashuka kwa nukta moja. Huwezi kulikimbia.

Fanya hivi:
1. Gari liwe kwenye ardhi ngumu na tambarare. Mchanga wa Dar es Salaam unadidimia.
2. Vuta hendibreki, weka gia, zuia tairi zinazobaki chini kwa vigingi au mawe makubwa mbele na nyuma.
3. Inua kwa jeki, kisha weka stendi za chuma chini ya chesisi. Huna stendi? Tumia magogo mazito ya mbao yaliyokatwa bapa na kupangwa kwa kupishana.
4. Tofali la saruji usiliamini kamwe. Linapasuka ghafla bila kukuonya.
5. Litikise gari kwa nguvu kabla ya kuingia. Kama litaanguka, lianguke wewe ukiwa nje.

DIZELI SI YA KUNYWA

Pikapu imekaa mwaka mzima, dizeli kwenye tangi imeoza na ina maji. Inabidi itolewe. Sikiliza mazungumzo haya:

DOGO: Fundi, shikamoo.
FUNDI: Marahaba. Mpira umeleta?
DOGO: Huu hapa. Nianze kuvuta kwa mdomo?
FUNDI: Thubutu! Nani kakufundisha hivyo?
DOGO: Aa, fundi, mbona kaka zangu wa kijiweni wanavuta, wanatema, na maisha yanaendelea?
FUNDI: Wanaendelea mpaka siku itakapowapalia. Tone dogo likiingia mapafuni linachoma kama moto. Mtu anakohoa, anapata homa, anashindwa kupumua. Hiyo siyo nimonia ya vijidudu, ni ya dizeli.
DOGO: Basi akimeza tunamtapisha?
FUNDI: Usimtapishe! Akitapika, dizeli inapita tena kooni na inaweza kuingia mapafuni. Mkalishe, asukutue mdomo kwa maji ateme, halafu hospitali. Sasa weka ndoo hapa chini, tufungue nati ya tangi.

Umeona? Nati ya chini ya tangi ipo kwa kazi hiyo hiyo. Na pampu ndogo ya mkono haiuzwi ghali.

Ukishaweka dizeli safi, fungua bomba dogo chini ya kichujio cha dizeli umwage maji yaliyotuama. Kisha bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya kichujio mpaka hewa itoke yote.

Hatari nyingine ni nozeli. Dizeli inatoka pale kwa presha inayozidi mara 100 ile ya hewa tunayovuta. Presha hiyo inatoboa ngozi. Usiguse mkunyunyizo wa nozeli, wala usitafute mahali panapovuja kwa kidole. Tumia kipande cha boksi. Mtu akipigwa, ataona kitundu kidogo tu kama cha sindano, na huenda asisikie maumivu makali mwanzoni. Asidanganyike! Ndani dizeli inaendelea kuharibu nyama, na kidole au mkono unaweza kukatwa. Aende siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, hospitali kubwa kama Temeke, Mwananyamala au Amana, na amwambie daktari wazi: "Dizeli imeingia kwa presha."

BREKI NA VUMBI LAKE

Gari la familia bila breki ni jeneza. Fungua magurudumu yote manne uone pedi, breki shuzi na silinda ndogo. Mafuta ya breki badilisha kila baada ya miaka miwili, maana yanavuta maji kutoka hewani. Yakichemka kwenye mteremko mrefu, pedali inazama mpaka chini.

Sasa, lile vumbi jeusi ndani ya dramu usilipulize kwa mdomo, wala kwa hewa ya kompresa. Liningi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Nyuzi zake zikiingia mapafuni hazitoki. Ugonjwa wake unaweza kuchukua miaka 20, 30 au 40 kujitokeza, wakati ambapo wewe ni baba au mama wa watu. Lowanisha dramu kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa chenye maji, kitie kwenye mfuko wa plastiki, funga, tupa. Dakika tano tu.

BETRI, REJETA NA OILI CHAFU

Betri: ndani kuna tindikali na risasi. Ikichajiwa inatoa gesi inayolipuka. Hakuna sigara, hakuna kibiriti. Fungua waya wa hasi kwanza, na ukirudisha uwe wa mwisho. Tindikali ikiruka jichoni, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka, angalau dakika 20, kisha hospitali.

Rejeta: usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto. Ukiungua, mwagia maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta ya taa, asali na oili, vyote acha. Vinashikilia joto na kuleta uchafu kwenye kidonda.

Oili chafu: kila ukiigusa, inaingia kwenye ngozi. Mwanzoni ni chunusi na muwasho. Kwa miaka mingi inaweza kuleta saratani ya ngozi. Vaa glavu. Kitambaa chenye oili usikitie mfukoni. Na usinawe kwa petroli au dizeli! Paka mafuta kidogo ya kupikia, sugua na sukari au unga, kisha sabuni na maji. Kabla ya kula mihogo ya mchana, nawa. Na oili yenyewe usiimwage mtaroni. Mvua zikija, mtaro unarudisha kila kitu uani kwetu na kwenye visima. Ikusanye kwenye dumu, umpe anayenunua.

FREMU YA TURUBAI

Ili mizigo isiloe, pikapu huwekewa fremu ya mabomba na turubai. Hapo anaitwa fundi wa kuchomelea. Kwanza, tenganisha betri na hakikisha cheche hazifiki kwenye tangi wala bomba la dizeli. Pili, usiangalie mwanga bila kioo cha kuchomelea, hata wewe unayeshikilia bomba tu. Usiku macho yatakuwa kama yamejaa mchanga.

Tatu, jihadhari na mabomba ya maji yaliyopakwa zinki. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe. Saa chache baadaye fundi anapata homa, baridi kali, mwili kuuma na kichwa. Wengi husema, "Malaria hiyo," wakanywa dawa bila kupima. Kapime, ndiyo. Lakini mwambie mganga kwamba leo ulichomelea. Dawa ya kinga ni kukwangua zinki sehemu ya kuchomelea, na kufanyia kazi hiyo nje penye upepo.

NANI AKAE NYUMA?

Hapa ndipo kasheshe inapoanzia. Gari limepona, turubai limekaa bomba, na familia ina watu tisa. Pikapu ya milango miwili inachukua watatu mbele. Dabo kabini inachukua watano. Waliobaki? "Nyuma, juu ya magodoro!"

Hapana. Nyuma ni kwa mizigo. Gari likifunga breki ghafla likiwa kwenye mwendo wa kilometa 80 kwa saa, aliye nyuma anaendelea kwenda kwa mwendo ule ule. Godoro halimshiki. Likipinduka, anarushwa nje au anabanwa. Tena nyuma ya gari hewa huzunguka na kuvuta moshi kuingia chini ya turubai. Mtoto aliyelala huko anavuta moshi ule tangu Mbagala mpaka afike.

Lakini utamwambiaje mzee? Wewe ni mdogo, gari lake, safari yake. Jaribu hivi. Mchague wakati ametulia, siyo mbele ya wageni. Anza kwa heshima:

"Baba, samahani, naomba kusema neno. Gari tumelitengeneza vizuri, nashukuru umeniamini. Ila nyuma hakuna mikanda wala kiti, na moshi unaingia. Naomba watoto wakae mbele na mama, mimi na kaka tupande basi, tukutane Morogoro."

Umeona? Hujamkosoa, na umejitolea wewe mwenyewe. Akikataa, mwombe mama, shangazi au mjomba aseme naye. Hiyo siyo jeuri. Kuokoa wadogo zako ni adabu pia.

KARIBU NA SAFARI

- Tairi: soma tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT. Ikiandikwa 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zaidi ya miaka 10 usisafirie, hata kama kashata zake bado nzuri. Kumbuka na la akiba.
- Mikanda: kila anayepanda awe na wake, na ufunge kweli.
- Taa, wipa, honi, vibao vya pembetatu, kizimamoto na sanduku la huduma ya kwanza.
- Dereva alale vizuri usiku uliotangulia na apumzike kila baada ya saa mbili. Pombe, hata chupa moja, asubiri kambini.
- Mikumi barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi kwa kama kilometa 50. Punguza mwendo, wanyama wanavuka. Mnaopitiliza hadi Iringa, mkirudi mteremko wa Kitonga shukeni kwa gia ndogo, siyo kwa kukanyaga breki mwanzo hadi mwisho.

KAMBINI

Usiku porini au ufukweni kuna baridi, na mtu mmoja atasema, "Tuingize jiko la mkaa ndani ya hema." Mkatalie! Mkaa unaowaka unatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozi mtu. Kichwa kinauma, mtu anachoka, anasinzia, haamki. Hata mkaa unaoonekana umefifia bado unaitoa. Jiko libaki nje mbali na mlango wa hema, na pia usilale kwenye gari injini ikiwaka. Ukimkuta mtu amelegea ndani, mtoe kwenye hewa safi upesi, kisha mkimbize hospitali. Namba ya dharura ni 112.

Lala ndani ya chandarua chenye dawa, hema lisikudanganye. Maji ya kunywa chemsha, au beba kutoka nyumbani. Choo chimbeni mbali na maji.

UKWELI AU UVUMI?

"Ukinywa maziwa, moshi wa gereji unatoka." Uvumi! Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni. Moshi uko mapafuni. Ni njia mbili tofauti.

"Fundi wa kweli havai glavu." Uvumi! Fundi wa kweli ni yule anayefanya kazi akiwa na miaka 50, vidole vyote kumi vikiwepo.

"Kufunga kitambaa puani kunatosha." Nusu. Kinapunguza vumbi kubwa, lakini chembe ndogo za moshi na gesi vinapita.

HAKI ZAKO

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na inakataza aliye chini ya miaka 18 kupewa kazi ya hatari, hata kwenye sehemu isiyo rasmi. Kuingia uvunguni mwa gari lililo juu ya jeki ni kazi ya hatari. Kuna pia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA. Na kama umejifunzia ufundi mtaani bila cheti, VETA wana utaratibu wa kupima ujuzi wako na kuurasimisha. Ulizia chuo chao cha Chang'ombe, Temeke.

JIPIME

1. Moshi wa bluu unaonyesha nini?
2. Rafiki yako amemeza dizeli. Je, umtapishe?
3. Kwa nini tofali la saruji halifai chini ya gari?
4. Fundi aliyechomelea bomba la zinki ana homa na baridi usiku. Afanye nini?
5. Taja sababu mbili za kutokaa nyuma ya pikapu.

MAJIBU: 1. Injini inaunguza oili. 2. Hapana. Asukutue mdomo, aende hospitali. 3. Linapasuka ghafla. 4. Apime malaria na amweleze mganga kazi aliyofanya. 5. Hakuna mikanda ya kukuzuia usirushwe, na moshi unavutwa chini ya turubai.

Umepata yote matano? Safi sana! Umepata matatu au pungufu? Rudia somo pamoja na washikaji wa gereji, na swali la tatu mlijibu kabla ya kuinua jeki kesho asubuhi.